Wikendi Dodoma kwa matembezi tu, si semina wala kikao: kuna cha kuona au nitajuta?

#1 Binti wa Unguja
Habari wadau. Mimi na mume wangu tunataka kutoka Dar Ijumaa kwa treni ya SGR, turudi Jumapili jioni. Tumechagua Dodoma. Hatuna semina, hatuna kikao, hatuna msiba. Tunaenda kutembea.

Tatizo kila ninayemwambia anacheka. Ofisini wameniuliza posho ni shilingi ngapi. Shemeji yangu kasema, "Mnaenda kuona nini, vumbi?" Nikajiuliza: makao makuu ya nchi, mji wa watu 765,179 kwa sensa ya 2022, inakuwaje hakuna hata mmoja ninayemjua aliyekwenda kutembea tu? Naomba wenyeji mnisaidie kupanga hizo siku, na mwenye jibu la kwa nini mji huu hauna sifa ya kutembelewa atoe. Atakayeniambia niende Zanzibar nimemjibu kabisa: nimezaliwa huko.

#2 Kiti cha Mbele
Nimewahi siti. Nasubiri wenyeji.

#3 Posho Kamili
Dada, mimi Dodoma nimekwenda mpaka nimepoteza hesabu, na nikiulizwa nimeona nini naweza kutaja kumbi za mikutano, majina ya hoteli Area D, na kuku wa Chako ni Chako. Basi. Jibu la swali lako la pili ndilo hilo. Kila mtu anakwenda na begi la kompyuta. Asubuhi ukumbini, mchana chai ya saa nne iliyochelewa, jioni kuku, Ijumaa mchana magari yote yanaangalia Morogoro. Jumamosi mji umebaki kama shule iliyofungwa. Nani atafungua biashara ya kutembeza wageni ambao hawapo?

#4 Mlenda Mwingi
#3 umelala hotelini halafu unasema mji hauna kitu. Mimi Mgogo wa Veyula, nakujibu.

Jumamosi ndiyo siku yenyewe! Ni siku ya mnada wa Msalato, njia ya kwenda Kondoa, hapo hapo nje ya mji. Asubuhi ni ng'ombe na mbuzi, wafugaji na fimbo zao wanapatana bei kwa kunong'ona. Ikifika saa sita moshi unaanza. Unakwenda kwenye mbuzi iliyoning'inizwa, unaonyesha kwa kidole: huu mguu, na hizi mbavu. Anakukatia, anapima, unampelekea mchomaji, na hapo usikae mbali na nyama yako, simama ulipo uione. Inarudi kwenye ubao imekatwakatwa, chumvi pembeni, pilipili na ndimu, na ugali wa moto. Huku nyuma yako mtu anauza sufuria, mwingine mitumba, mwingine dawa ya jino kwa kipaza sauti. Viongozi wanakula hapo, madereva wao wanakula hapo, na bei ni ile ile.

Dada, Jumamosi yenu imekwisha pangwa. Vaeni viatu vya kufunga.

#5 Kiti cha Mbele
#4 umeniharibia mchana wangu. Niko kwenye daladala Mbagala na njaa.

#6 Fundi Ramani
Nitie neno la kitaalamu kidogo. Watu wanakwenda Dodoma wakitafuta barabara moja pana yenye majengo makubwa pande zote, wapige picha. Hawaipati kwa sababu haikukusudiwa iwepo. Ramani kuu ya kwanza ya 1976, iliyochorwa na kampuni ya Kanada kutoka Toronto, ilitaka mji wa makazi yaliyogawanyika, kila eneo na shule yake na soko lake, watu watembee kwa miguu na mabasi, majengo yafuate vilima badala ya kuvifunika. Mwalimu hakutaka mji mkuu wa kujionyesha. Kwa hiyo vitu vimetawanyika: Bunge huku, chuo kikuu kule kwenye vilima vya Chimwaga, wizara Mtumba kama kilomita 17 kutoka katikati, Ikulu Chamwino mbali zaidi. Mgeni wa siku mbili asipopanga anamaliza siku kwenye bajaji.

Hiyo ndiyo sababu kubwa kuliko ya posho.

#7 Dereva Mstaafu
Fundi umesema vizuri lakini umeruka jambo. Ramani ilikuwa nzuri, fedha hazikuja. Uamuzi wa kuhamia ni 1973, CDA, mamlaka ya kuujenga mji, ikaundwa mwaka huo huo, halafu vita vya Kagera, halafu hali ngumu ya miaka ya themanini. Nimeendesha basi Dar na Dodoma enzi hizo, ukishuka unaambiwa "hapa ndipo makao makuu" unaangalia kushoto na kulia. Sifa ya mji ilijengeka wakati ule na haijafutika mpaka leo. Mji umebadilika, maneno ya watu yamebaki pale pale.

#8 Jicho la Tatu
Makao makuu ni juzi tu, 2018. Kabla ya hapo ilikuwa siasa.

#9 Dereva Mstaafu
Kijana, 1973.

#10 Zabibu Kavu
Wazee wangu, Bunge lilihamia Februari 1996. Hapo ndipo mji ulianza kuwa na shughuli ya makao makuu. 1973 ilikuwa azimio, 2018 ilikuwa sheria.

#11 Jicho la Tatu
Ndiyo hivyo, sheria. Na jiji limetangazwa 26 Aprili 2018. Mnabishana na karatasi.

#12 Posho Kamili
Na balozi nyingi bado ziko Dar. Kwa hiyo tuna majibu matatu na mabalozi wana la nne.

#13 Binti wa Unguja
Jamani, nimeuliza matembezi mmeniletea mtihani wa historia 🙂 Mlenda Mwingi asante sana, Msalato imeingia. Fundi Ramani, hilo la kutawanyika limenisaidia. Sasa Ijumaa na Jumapili?

#14 Mama Karani
Ijumaa panda treni ya asubuhi, mfike mchana. Kama mumeo ni mswalihina, Ijumaa aswali Msikiti wa Gaddafi. Ulifunguliwa 2010, umejengwa kwa fedha za Libya, unaingiza watu kama 3,000. Hata asiyeswali akiuona kutoka nje anasimama. Halafu mnashuka katikati ya mji kwa miguu: Nyerere Square yenye sanamu ya Mwalimu, kanisa kuu la Anglikana na la Kilutheri, jamatkhana ya Waismailia pale Jamatini, vyote karibu karibu. Jioni pale uwanjani watu wanapunga upepo, wapiga picha wanakufuata, watoto wanakimbia. Ni matembezi ya saa mbili tatu bila nauli hata shilingi.

#15 Kaka Mwepesi
Msisahau kupita Mirembe mkapimwe, maana kwenda Dodoma kutembea si bure 😂

#16 Sista Makole
#15 mimi ni muuguzi. Ile ni hospitali ya wagonjwa wa akili, kuna watoto na wazazi wa watu mle. Tafuta utani mwingine.

#17 Kaka Mwepesi
Nimekoma dada. Samahani.

#18 Mkaanga Sumu
Kuhusu treni. Nauli ya daraja la kawaida iliyotangazwa safari za Dodoma zilipoanza Julai 2024 ilikuwa 31,000. Treni ya Mchongoko ni ghali kidogo ila unawahi zaidi. Kata mapema, wikendi zinajaa, na uwe na kitambulisho. Ushauri wangu mkubwa: mchana, siyo usiku. Ukipanda usiku unalala, unaamka Dodoma, umelipia kiyoyozi tu. Mchana unaona milima ya Kilosa, bonde la Mkondoa, na mahandaki. Ukitoka kwenye handaki la mwisho ardhi inabadilika ghafla: kijani kimebaki nyuma, mbele ni mibuyu na udongo mwekundu. Mke wangu alikuwa anaangalia simu nikamwambia inua kichwa, hakuishusha tena mpaka Dodoma.

#19 Kaka Mwepesi
Na mkikwama njiani msiulize. Ni bundi na ngedere.

#20 Mkaanga Sumu
😂😂 Hiyo taarifa ya shirika la reli ya 2024 haitakufa. Umeme ulikatika wakasema ni ngedere na bundi. Lakini toka hapo mimi nimepanda mara nyingi, sijakutana na bundi.

#21 Dereva Mstaafu
Treni ni haraka, sikatai. Lakini barabara ina utamu wake. Ukipita Gairo upepo unakupiga, Kibaigwa unaona magunia ya mahindi yamepangwa kuliko nyumba, na ukikaribia Dodoma unapita Chamwino yenyewe, mlango wa Ikulu mpya iliyozinduliwa Mei 2023. Wa treni anapitwa na hayo yote.

Na Kongwa! Ukiwa na gari, pale Mbande unakata. Ndiko Wajerumani walikotaka kulima karanga wakashindwa.

#22 Zabibu Kavu
Mzee shikamoo. Hapo kwenye karanga siyo Wajerumani, ni Waingereza, baada ya vita kuu ya pili. Mradi ulianza 1947, wakaacha 1951, serikali yao ikafuta zaidi ya pauni milioni 36. Walileta matrekta, wengine mpaka vifaru vilivyogeuzwa kuwa vya kung'olea visiki, lakini hawakumuuliza Mgogo mvua inanyesha lini.

#23 Dereva Mstaafu
Marahaba. Waingereza, sawa. Mjerumani alikuwa na reli, ilifika Dodoma 1910.

#24 Mtafiti Mchovu
Kongwa ina jambo kubwa kuliko karanga. Kuanzia 1964 palikuwa na kambi ya wapigania uhuru: FRELIMO, ANC, SWAPO, ZAPU, MPLA. Watu kutoka Namibia na Afrika Kusini wanakuja kutafuta makaburi na mahandaki ya ndugu zao, sisi tulio kilomita tisini hatujui. Hii ndiyo sababu yangu kwenye swali la mtoa mada: Dodoma ina vitu, ila hakuna aliyeandika kibao, hakuna tiketi, hakuna mtu wa kukuelezea. Mgeni anapita jengo la maana akidhani ni stoo ya shule.

#25 Posho Kamili
#24 lakini hata vikiwepo vibao, nani atavisoma? Kampuni za utalii ziko Arusha na mgeni wa nje anatua uwanja wa Kilimanjaro, KIA. Dodoma haiko njiani mwake. Unamtoa vipi mtu Ngorongoro aje kuangalia stoo ya shule?

#26 Mtafiti Mchovu
Haiko njiani? Michoro ya miambani ya Kondoa iko wapi? UNESCO waliiweka kwenye orodha 2006. Kutoka Babati ni karibu.

#27 Mswahili wa Mvita
Hamjambo wa huko. Mimi wa Mombasa, niliingia Dodoma kwa gari: Namanga, Arusha, Babati, Kondoa. Lami tupu. Ndiyo ile njia kuu ya zamani ya Cairo hadi Cape, inapita katikati ya mji wenu na hata hamjisifu nayo.

Nikasimama Kolo kwa michoro. Hapo kijijini kuna ofisi ya mambo ya kale, unalipa, unapewa mtu wa kukuongoza, kisha barabara ya vumbi na kupanda mlima kwa miguu. Nilidhani nitaona mapango, kumbe ni majabali yaliyoinama na ukutani ndiko kuna watu wembamba warefu, vichwa vikubwa, na wanyama, kwa rangi nyekundu ya udongo. Lazima macho yazoee. Dakika ya kwanza huoni kitu. Yule mwongozaji hakuonyesha kwa kidole, alinyamaza akaniacha. Mara nikaona mmoja, halafu wakawa wengi. Nimeshatembea miji mikuu kadhaa, na sijapata pengine hisia ile.

Ila mji wenyewe, kusema kweli, sisi Nairobi tuna mbuga yenye simba dakika chache kutoka katikati. Nyinyi mna jiwe mnaliita Lion Rock.

#28 Mlenda Mwingi
#27 jiwe letu halili watu. Karibu tena.

#29 Binti wa Unguja
Mswahili wa Mvita umenitamanisha hasa. Kolo ni mbali kiasi gani? Tunaweza Jumapili asubuhi tukawahi treni ya jioni?

#30 Fundi Ramani
Kama kilomita 180 kwenda, nyingine kama hizo kurudi, na kupanda mlima. Kwa Jumapili yenye treni nakukataza.

#31 Mtoto wa Kondoa
Inawezekana kabisa. Ondoka saa kumi na moja alfajiri na gari la kukodi, saa mbili uko Kolo, saa sita unaanza kurudi. Nimewapeleka wageni hivyo.

#32 Fundi Ramani
Gari likipata pancha Haneti wageni wako wanalala wapi, na tiketi yao nani anawarudishia?

#33 Mtoto wa Kondoa
Pancha inaweza kutokea hata Ubungo mkuu.

Nyongeza kwa #27: jiwe maarufu zaidi ni Mungomi wa Kolo, na mpaka leo watu wanakwenda pale kuomba mvua na kutibiwa, kwa hiyo ukikuta mtu ana shughuli yake usipige picha. Pia mtaona mashimo. Kuna watu walichimba wakiamini Mjerumani alificha dhahabu. Hawajapata kitu, wameharibu tu.

#34 Jicho la Tatu
Nani alichora? Nilifundishwa ni Wasandawe.

#35 Mtafiti Mchovu
Inategemea rangi ipi. Ile nyekundu wengi wanaihusisha na wawindaji, mababu wa Wasandawe na Wahadzabe. Ile nyeupe, mizito mizito, inahusishwa na wakulima waliokuja baadaye. Mwanaakiolojia Mary Leakey aliinakili mingi miaka ya hamsini. Umri wake wataalamu wanavutana, sitakutajia namba.

#36 Mtoto wa Kondoa
Bibi yangu alisema ni kazi ya majini. Na yeye alikaa pale kuliko Leakey.

#37 Zabibu Kavu
Hamjagusa zabibu na ndizo zenyewe! Zililetwa na mapadre wa misheni ya Bihawana miaka ya hamsini, sasa zimeenea Mpunguzi, Hombolo, Makutupora, Mvumi. Mzabibu wa Dodoma unazaa mara mbili kwa mwaka: Februari na Machi, halafu Agosti na Septemba. Ukija miezi hiyo, barabarani utazikuta kwenye ndoo. Shamba zuri kuliona ni la mtu, siyo la kiwanda: nenda njia ya Iringa mpaka Mpunguzi, uliza, mkulima atakupokea ukinunua kilo zako. Atakuonyesha anavyokata matawi, maana asipokata, mzabibu hauzai. Makutupora kuna kituo cha utafiti, lakini Jumapili utakuta mlinzi tu.

Mvinyo ni mada nyingine. Viwanda vipo, ila msitegemee kupokelewa kama Afrika Kusini, meza na kitambaa cheupe. Piga simu kwanza.

#38 Binti wa Unguja
Mvinyo hatutumii, zabibu tutazimaliza. Tulipanga Juni, kumbe Juni hamna?

#39 Zabibu Kavu
Juni hamna. Na Juni kuna Bunge la bajeti.

#40 Mama Karani
Hapo umegusa penyewe. Dada, Dodoma huangalii hali ya hewa peke yake, unaangalia ratiba ya Bunge. Bajeti ni Aprili mpaka mwisho wa Juni, vyumba vinapanda bei na vingine havipo kabisa. Mwanzo wa Agosti ni Nanenane, uwanja wa Nzuguni, napo hivyo hivyo. Ndugu yangu alikuja bila kuwekesha, gesti ya kwanza wakamwambia imejaa waheshimiwa, ya pili imejaa madereva wa waheshimiwa, akalala kwangu kwenye kochi.

#41 Posho Kamili
Lakini kama anataka kuliona Bunge lenyewe, lazima aje wakati huo huo wa vyumba ghali! Wikendi hawakai. Inabidi aje Alhamisi, siku ya maswali kwa Waziri Mkuu, kikao kinaanza saa tatu asubuhi. Ukipitia kwa mbunge wako mnaombewa nafasi jukwaani na jina la kundi lenu linasomwa, mnasimama, wanawapigia meza. Mama yangu alipigiwa meza mwaka juzi, anasimulia mpaka leo kuliko harusi yangu.

#42 Kaka Mwepesi
Mavazi muangalie. 2021 mbunge mwenyewe alitolewa ukumbini kwa ajili ya suruali. Wewe mgeni wa jukwaani utasalimika?

#43 Sista Makole
Kweli hiyo. Gauni refu, mtandio, hakuna atakayekugusa. Mume asivae fulana. Ukumbi wa sasa ni wa 2006, ule wa zamani unaitwa Msekwa, uko hapo hapo ndani.

#44 Mlenda Mwingi
Kwa hiyo jamani tumekubaliana tarehe? Septemba: zabibu zipo, mvua hakuna, Nanenane imekwisha. Bunge likiwa na mkutano wake mfupi mnapata vyote. Usiku chukueni sweta, upepo wa huku siyo wa Forodhani.

#45 Dereva Mstaafu
Septemba vumbi.

#46 Mlenda Mwingi
Mzee vumbi lipo mwaka mzima isipokuwa Januari, na Januari ni tope.

#47 Fundi Ramani
Kwa Jumapili nipendekeze hivi, wasikimbilie Kolo. Asubuhi na mapema Lion Rock wakati jua halijachoma, muulizeni mwenyeji njia na msielekeze kamera kwenye makazi ya viongozi, maeneo ya Mlimwa yana walinzi. Kutoka juu ndiyo utaielewa ramani niliyosema #6: mabati, vilima, mabati, vilima, hakuna katikati. Saa nne kanisani kama wanapenda kusikiliza, kwaya za Kigogo zinaimba sauti nyingi kwa wakati mmoja na manyanga, hazifanani na za Dar. Mwanamuziki Hukwe Zawose alitoka mkoa huu huu, Chamwino, na zeze lake likafika dunia nzima. Halafu chakula, halafu stesheni mapema. Stesheni yenyewe ni ya kuangalia, umbo lake limechukuliwa kwenye majabali ya Dodoma.

#48 Sista Makole
Chakula gani? Usimwache na chipsi.

#49 Mlenda Mwingi
Ugali wa uwele na mlenda, na maziwa mgando. Ulizia kwa mama lishe karibu na soko la Majengo, siyo hotelini. Mlenda mkavu wa kusaga, unatiwa karanga.

#50 Kaka Mwepesi
Mlenda wa karanga? Sisi kwetu Singida karanga haziingii.

#51 Mlenda Mwingi
Ndiyo maana mlibaki Singida.

#52 Kaka Mwepesi
😂 Na bado kuku wa Chako ni Chako mnaojisifu nao wametoka kwetu. Kuku wa kienyeji ni Singida, ulizeni dereva yeyote.

#53 Dereva Mstaafu
Hilo ni kweli. Matenga yalikuwa juu ya basi langu.

#54 Mtafiti Mchovu
Kabla uzi haujaishia jikoni: siku ya kazi mkipata saa moja, kuna makumbusho ya madini na miamba kwa watu wa Jiolojia. Mji huu umekuwa nyumba ya jiolojia ya nchi tangu miaka ya 1920. Ni ofisi ya serikali, kwa hiyo Ijumaa mchana au usahau.

#55 Binti wa Unguja
Nimeandika yote. Tunasogeza Septemba. Tutafika Alhamisi jioni, Ijumaa asubuhi Bunge likiwepo, lisipokuwepo ni Jiolojia, Msikiti wa Gaddafi, mjini kwa miguu. Jumamosi Msalato. Jumapili jiwe na Majengo. Mpunguzi tutaichomeka. Kolo mume wangu anang'ang'ania, mimi nakataa, tutaona. Asanteni nyote, hata wa Mirembe.

Lakini la kwa nini watu hawaji, mmenipa majibu matano na kila moja linaua lenzake. Posho anasema hakuna wageni ndiyo maana hakuna huduma, Mtafiti anasema hakuna maelezo ndiyo maana hakuna wageni.

#56 Posho Kamili
Mimi bado naamini ni Ijumaa mchana. Siku viongozi watakapolala Dodoma Jumamosi na familia zao, patakuwa na mahali pa kupeleka watoto, na wewe utafaidi hapo hapo.

#57 Fundi Ramani
Familia zinahamia, angalia Kisasa na Ilazo Jumapili, shule zimejaa. Shida ni umbali, tukimaliza barabara ya mzunguko ya kilomita 112 tutaongea.

#58 Jicho la Tatu
Barabara ya mzunguko inazunguka mji, Fundi. Itamsaidia mtu kupita bila kuingia.

#59 Dereva Mstaafu
😀 Hapo Jicho umemshika.

#60 Mkazi Mpya
Habarini. Samahani nimechelewa, nimesoma mpaka hapa. Kuna mwenye kiwanja Ihumwa au Mtumba, chenye hati, asiwe dalali?

#61 Zabibu Kavu
Haya, wameshafika.

#62 Kaka Mwepesi
Mkuu fungua uzi wako. Hapa tunabishana mlenda.